Wajina wa Mama Waiyego

Uligeuza uso. Usiniambie hukuona. Alhamisi iliyopita nilikuwa nimesimama ndani ya hardware ya Irungu hapo mtaa wa Pioneer, kando ya mifuko ya simiti, na nilikuona ukisoma tangazo la klabu yetu mpaka mstari wa mwisho, midomo ikicheza. Ulipomaliza ukajifanya unatafuta bawaba. Bawaba gani? Ulikuwa umetumwa rangi.

Nakujua. Uwanja wa kuchezea watoto ulipozungushiwa mabati ulisema labda wanatengeneza bembea. Leo pale kuna ghorofa tano, na watoto wako wanapiga mpira kwa barabara ya malori. Choo cha umma kilipopakwa rangi kikafunguliwa kikiwa duka la simu, wewe ulikuwa mteja wa kwanza. Mimi sisahau. Watu huniambia kusahau ni afya. Basi mimi ni mgonjwa na nitabaki hivyo.

Lakini leo sikuja na maandamano. Nimekuja na jambo ambalo limenichekesha tangu Jumamosi hadi leo Jumatano, kwa hivyo ukiona mwandiko umepinda mahali, ni mbavu.

Unayajua yale machimbo ya mawe ya zamani, ukitoka Yamumbi upande wa kwenda Kesses, yaliyoachwa mawe mazuri yalipoisha? Kuta za mawe pande tatu, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, na mbele nyasi. Hapo ndipo klabu yetu ndogo ya kulenga shabaha hukutana kila Jumamosi mchana. Ardhi ni ya umma. Tumepewa kwa barua, na barua ina sharti moja: kila mwaka klabu ionyeshe watu kumi na tano waliofuzu mtihani wa shabaha. Wakipungua, ardhi inarudi. Mwaka wetu unaisha Jumamosi hii saa kumi na moja jioni. Wiki iliyopita tulikuwa kumi na tatu. Na kwenye nyasi tayari kuna vigingi vyenye vichwa vyekundu, ambavyo hakuna ofisi inayotaka kutuambia ni vya nani. Vimepigwa na mtu aliyekuwa na hakika kabisa kwamba wewe hutakuja.

Bunduki, unasema. Watu wa Yamumbi, na yale tuliyoyaona, na bunduki? Nilisema hivyo pia, miaka sita iliyopita, na kwa sauti kubwa kuliko yako. Niliandika barua tatu kumpinga Irungu na bibi yake. Mwishowe Irungu akaniita chai akanieleza. Nilienda nimejiandaa kugombana nikarudi nimenyamaza, jambo ambalo halijanipata tena.

Irungu alikuwa na miaka kumi na saba Januari ile ya fujo za uchaguzi tulipokimbia Yamumbi. Bibi yake, Lynette Apiyo, alikuwa msichana wa shule huko Naivasha, na Januari hiyo hiyo familia yake ilikimbia pia, ikiwakimbia watu wanaozungumza kama mimi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka ikapita, Irungu akawa na duka, Apiyo akawa mtu wa maabara hospitalini, na hawakujuana mpaka harusi moja hapa mjini ambapo transfoma ililipuka nje ya ukumbi katikati ya keki. Watu mia mbili waligeuza shingo kuangalia. Wawili walikuwa tayari chini ya meza. Meza moja.

Chini ya meza hiyo, Apiyo alimwambia huyu mwanamume asiyemjua kwamba amechoka kulala sakafuni kila gurudumu likipasuka. Walipooana, wazo la klabu lilikuwa lake. Alisema kama huo mlio lazima uwepo duniani, basi mara moja kwa wiki uwe ni yeye ameuagiza. Ikawa mwaka mzima wa makaratasi, alama za vidole, daktari wa kuwapima akili, kabati la chuma lililofungwa kwa ukuta na bolti nne. Siku ya kwanza pale machimboni Apiyo alipiga risasi moja, akaiweka bunduki chini kama alivyofundishwa, akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Irungu akapiga ya pili, akalia, halafu akacheka kwa sababu amelia. Tangu hapo ukiwatafuta Jumamosi usiende dukani.

Sasa wako na bunduki tatu, zote za zamani, zote za risasi ndogo ya kutoboa karatasi. Wengine hukusanya stempu. Hawa husafiri hadi Kitale kuangalia kitako cha mti ambacho mjane fulani anataka kuondoa nyumbani. Kugombana nyumbani waliacha. Ugomvi unangoja Jumamosi, kila mmoja anapiga risasi kumi, na anayeshindwa anapika chakula cha kwao mwenzake. Nimemwona Irungu kwa macho yangu akiandaa samaki mzima, akimgeuza kichwa kimwangalie Apiyo, uso wake Irungu ukiwa wa mtu aliye kwa mazishi. Nimemwona Apiyo akiponda mukimo huku akiyatukana mahindi.

Na bunduki wamezipa majina. Hapa ndipo penye mambo. Walizipa majina kwa utaratibu wetu sisi Wakikuyu wa Murang'a: wa kwanza babake mume, wa pili babake mke. Kwa hivyo ile ya kwanza, nzito, ya marehemu mzee, inaitwa Muigai. Ya pili ni Okeyo, na Mzee Okeyo mwenyewe yuko Siaya akiwa mzima na hajui kwamba ana mtutu. Ya tatu ni nyembamba, ina ufa kwenye kitako uliofungwa kwa waya wa shaba, na hiyo wakaona ni ya kike. Mtoto wa kike wa kwanza ni mama ya mume. Wakaiita Waiyego. Ya nne ikipatikana itakuwa Mildred, mamake Apiyo, na Apiyo humkumbusha Irungu kila mwezi kwamba mamake bado hajazaliwa.

Mama Waiyego hakuambiwa. Ni mama wa miaka sabini na moja, anaishi Yamumbi kwenye nyumba aliyoijenga mara mbili, na Irungu ni kitinda mimba wake. Miaka tisa ya ndoa ya Irungu, mtoto hajaja, na yeye alikuwa ameacha kuuliza. Irungu na Apiyo waliogopa akisikia kwamba jina lake limepewa bunduki ataona wanamcheka. Sisi wengine tuliapishwa kufunga mdomo. Miaka minne tukafunga.

Aliyefungua ni mimi.

Ijumaa nilikuwa nikipita mlango kwa mlango kutafuta watu wawili wa kujaza kumi na tano. Mmoja ningekuwa mimi mwenyewe, maana miaka hiyo yote kazi yangu kwa klabu ilikuwa kuandika matangazo, mtihani sikuwa nimefanya. Nilibisha kwa Mama Waiyego kama nilivyobisha kwako. Yeye angalau alifungua. Akaniambia habari za bunduki nimpelekee anayezitaka, akaanza kufunga. Nilikuwa nimechoka, nimekanyaga tope tangu asubuhi, hasira imefika hapa. Nikamwambia basi sawa, uwanja ukifungwa laisensi zinaisha, na Jumatatu inayofuata wajina wako atapelekwa stesheni na wenzake.

Mlango ukafunguka tena.

Aliuliza wajina gani. Ningeweza kudanganya. Mimi sina mazoea hayo, na pia alikuwa ameshika bakora. Nikamwambia yote. Nikangoja bakora.

Alikaa kwenye kiti cha mlangoni. "Ni wa ngapi?"

"Wa tatu, Mama. Baada ya Muigai na Okeyo."

"Baada ya Muigai na Okeyo," akasema polepole. "Basi walifuata utaratibu."

Kama wewe si wa kwetu nikueleze haraka. Kwetu mtoto akipewa jina lako si kwamba umekumbukwa tu. Ni wewe. Nyanya yangu alikuwa akimwita dada yangu "mimi", akauliza kama mimi nimekula, kama mimi nimelala vizuri, na hakuna aliyecheka. Anayepata wajina huenda kumwona, na haendi mikono mitupu.

"Na umesema atapelekwa wapi?"

"Store ya polisi."

"Mimi," akasema Mama Waiyego. "Kwa polisi. Na umri huu." Akainuka kutafuta kiondo, kikapu cha kubebea zawadi.

Jumamosi saa nane alishuka kwa pikipiki pale machimboni akiwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kilemba na kila kitu, kiondo mgongoni, chupa ya uji mkononi. Irungu alikuwa anapanga risasi kwenye meza. Zilimwagika zote. Apiyo, mwanamke ambaye nimemwona akimsimamisha mkaguzi wa hospitali, alienda akasimama nyuma ya kibao cha shabaha, mahali ambapo sheria inakataza mtu yeyote kusimama. Kimutai ndiye msimamizi wa uwanja, sajini wa jeshi aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Alimwita Apiyo atoke huko mara moja, na hakuna mlio kabla ya yeye kutoka. Halafu akamwamkia Mama kwa heshima na kumwambia kwamba hakuna anayegusa bunduki bila somo, awe mama wa nani.

Mama akakubali somo. Somo la nusu saa lilichukua saa moja na nusu kwa sababu ya maswali. Aliuliza kwa nini kidole kinyooshwe nje ya triga. Aliuliza nani aliamua bunduki iwekwe bega la kulia. Aliuliza Kimutai kama mkewe anajua hapa ndipo anaposhinda.

Ndipo Waiyego akaletwa, akawekwa juu ya meza, mdomo ukielekea ukutani. Mama akavaa miwani. Aliutazama ule ufa uliofungwa kwa waya, akaupitisha kidole, halafu akagusa mfupa wa bega lake mwenyewe, pale alipovunjika alipoanguka kutoka kwa lori Januari ile.

"Nani alichagua huyu awe mimi?"

Irungu alitazama mawe. Apiyo akajitokeza, ameshika mikono mbele kama msichana wa shule. "Ni mimi, Mama. Ni mwembamba na hasukumi mtu nyuma akipiga. Lakini hakosi."

Mama Waiyego alifikiria. "Ni kweli," akasema. "Sikosi."

Akafungua kiondo. Alikuwa amemletea wajina wake blanketi jipya la mtoto, la manjano, lenye bata. Akamfunika kitako. Akamimina uji kikombe kimoja, akaonja, akasema huu ni wa Waiyego, na kwa vile Waiyego hana tumbo atamsaidia. Irungu akaanza kucheka kimya kimya, mabega yakiruka. Apiyo akamshika mkono ili anyamaze, na kumbe yeye ndiye alikuwa mbaya zaidi.

Halafu Mama akauliza wanalala wapi. Irungu akamwambia kwa kabati la chuma, salama kabisa, ufunguo uko na yeye na Apiyo tu.

"Wote?"

"Wote watatu, Maitu," akamjibu mamake.

"Mimi na babake Apiyo. Kabati moja."

Sasa hapo hata mimi nilishtuka, na nimeishi kuona mengi. Mamake mume na babake mke, wakwe wanaoamkiana kwa mbali na hawakai kiti kimoja, wamelazwa bega kwa bega miaka minne nyuma ya mlango uliofungwa. Apiyo alifunika mdomo. Akasema Mungu wangu, baba akisikia hii hatakanyaga Eldoret tena, na wala hatamwangalia Mama usoni. Kwao ni mwiko vile vile, labda zaidi. Watu wawili waliosoma, wenye laisensi zilizopigwa mihuri sita, na hawakuwahi kufikiria. Irungu akaapa mbele ya sisi wote kwamba kabla ya jua kutua atapasua plaiwudi aweke ukuta katikati. Mama akasema Muigai alazwe upande wake, ni mume wake. Kimutai alikuwa ametugeuzia mgongo, anasoma barua ya klabu aliyoijua kwa moyo, na masikio yake yalikuwa yakitetemeka.

Tukaanza mtihani. Risasi kumi, mita ishirini na tano, alama mia moja. Ukipata sitini umefuzu.

Nilitangulia. Nitaeleza kwa ufupi. Miaka arobaini nimewanyooshea wakubwa kidole, na kidole hicho hakijawahi kutetemeka. Niliinama, nikakumbuka wale wa vigingi, hasira ikapanda, na nikavuta triga kama mtu anayeng'oa jino. Kimutai alipoleta kadi ilikuwa na matundu manne. Ukuta wa mawe ulipata mengine. Thelathini na moja.

Mama Waiyego akakaa kwenye kiti, kwa maana mwenye zaidi ya sitini anaruhusiwa. Wakamvika vile vikombe vikubwa vya kuziba masikio juu ya kilemba, havikuingia, wakakifungua kilemba, Apiyo akakishika kama kitu cha altareni. Mama huyu alikuwa akiingia chini ya kitanda chake kila mwaka mpya fataki zikianza kule mjini. Irungu alipiga magoti kando yake akamwambia kwa Kikuyu kwamba si lazima. Nilimsikia. Mama akamwambia bunduki, "Tulia, Waiyego."

Akapiga.

Mlio ukagonga kuta zote tatu ukaturudia. Mama alikuwa amefumba macho. Tulingoja. Akafumbua jicho moja, la pili, akaitazama bunduki, akatutazama sisi.

"Nani amepiga?"

"Ni wewe, Mama," akasema Apiyo.

"Mimi yupi?"

Apiyo alianguka. Simaanishi alicheka sana, namaanisha alianguka chini, na kilemba cha kanisa bado amekiinua juu kisiguse vumbi. Irungu alijishika kwa meza. Kimutai, sajini mzima, aliagiza bunduki ifunguliwe na kuwekwa chini kwa usalama, akatembea mpaka nyuma ya pikipiki, na tukamsikia huko. Mama mwenyewe alianza kucheka polepole, akashindwa kuacha, machozi yakateremka chini ya miwani. Kwa dakika kumi uwanja ulifungwa rasmi kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na akili ya kushika silaha.

Risasi tisa zilizobaki alizipiga kama anayepanda mbegu, moja, anapumzika, nyingine. Kati ya ya sita na ya saba alikunywa uji wa Waiyego. Kimutai alienda kuileta kadi, akaihesabu, akaihesabu tena akiwa amesimama palepale, akaja nayo mikono miwili.

Sitini na nane.

Mama akapiga vigelegele vitatu, kama ilivyo kwa msichana aliyezaliwa. Vitatu kamili. Apiyo naye akaitikia vya kwao, ambavyo havina hesabu wala breki. Kwenye mtihani wake wa kwanza Irungu alipata hamsini na mbili, na Mama akataka kujua mara tatu hiyo hamsini na mbili inaandikwaje. Alimshika Apiyo uso kwa mikono yote miwili akamwambia jambo moja polepole, ambalo nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu: "Mmenizaa vizuri." Apiyo hakucheka hapo.

Halafu Kimutai akafungua kitabu cha klabu, akaandika jina, akasema kumi na nne. Wote wakageuka kuniangalia mimi.

Nilijaribu. Kuna sheria kwamba aliyeanguka hurudia baada ya siku thelathini, ili watu wasije na haraka na bunduki. Nilimtolea Kimutai hoja zote, za haki, za dharura, za historia ya ardhi ya umma katika mji huu. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mzee Gathogo, mke wangu alipoanguka, kadi yake pia sikubadilisha." Na mimi, ambaye nimewalaani wapindishaji wa sheria maisha yangu yote, ningesema nini? Mama Waiyego akaniambia niwe nalenga kwa mdomo, unafika mbali.

Basi umenielewa tumefika wapi. Kumi na nne. Plaiwudi imeshawekwa kwenye kabati, nimeiona, na upande wa wazee wa Murang'a uko na blanketi la bata. Apiyo amepata habari za bunduki moja ya zamani kule Kitale, nyembamba, ya kike, ambayo inaweza kuwa Mildred. Mama Waiyego amesema kama Jumatatu watakuja kumchukua wajina wake basi watayarishe nafasi ya wawili, na wewe unamjua, atapanda hilo gari. Vigingi bado viko kwenye nyasi. Amepungua mtu mmoja tu kati ya mji mzima wa Eldoret.

Macho unayo. Nilikuona ukisoma maandishi madogo ya tangazo bila miwani. Mkono hautetemeki, maana ulibeba ndoo ya lita ishirini ya rangi ukaondoka ukipiga mluzi. Huhitaji kumiliki bunduki, huhitaji kuipenda. Klabu itakuazima na Kimutai atakufundisha. Anafundisha kesho Alhamisi na Ijumaa kuanzia saa nane mchana, na mtihani ni Jumamosi, hakuna dakika baada ya saa kumi na moja. Weka kitambulisho mfukoni. Vaa viatu vya kufunga. Usiniambie utaona kwanza, wala usinitumie salamu. Weka hii karatasi chini, simama, toka nje, simamisha pikipiki ya kwanza inayopita na umwambie machimbo. Sasa.